Subiri, Fundi wa Programu Ambaye Hakuidhinisha

Mpendwa wetu, aliyejulikana nyumbani na kazini kama Subiri, alizaliwa tarehe 4 Juni 1989, mtoto wa tatu wa fundi wa kuchomelea. Jina hilo alipewa na baba yake mkubwa, anayeusoma wasifu huu. Akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya mzee, akaifunga, ikaimba vizuri. Mzee aliponyoosha mkono, mtoto aliikumbatia: "Subiri, baba mkubwa. Skrubu tatu zimebaki na sijui kwao ni wapi." Alikaa nayo siku mbili.

Alisoma shule ya msingi na sekondari kati ya 1996 na 2008, kisha akahitimu shahada ya kompyuta mwaka 2012. Karo ilitoka kwenye mageti. Baba yake alikuwa akimaliza geti, kwanza ananing'inia juu yake yeye mwenyewe kulipima nguvu, ndipo analipeleka kwa mteja. Siku hizi fundi hapandi geti lake, humpandisha mteja.

Tarehe 15 Agosti 2015 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo, wakajaliwa binti mmoja.

Tangu 2013 alifanya kazi katika kampuni inayotengeneza programu za kuendeshea mashine za viwandani. Utaratibu mmoja wa pale ulikuwa wa akili: kazi ya mtu haitoki mpaka mwenzake aisome mstari kwa mstari na kuiidhinisha kwa akaunti yake. Marehemu ndiye aliyekuwa msomaji. Mengine yote yalikuwa vurugu. Watu walitukanwa mbele ya wenzao, viti vilipigwa mateke, na mwenye homa aliambiwa atetemekee hapo hapo kwenye kiti.

Tarehe 11 Machi 2024 aliletewa programu ya mashine ya kukandamiza bati. Kinga inayoisimamisha mashine mkono wa mtu ukipita ilikuwa imeondolewa, kwa kuwa mteja alilalamika kwamba inachelewesha kazi. Marehemu alikataa kuidhinisha.

"Kila siku subiri, subiri!" kiongozi wake wa timu alifoka. "Mteja asubiri nini, jeneza?"

"Ndiyo, kaka. Jeneza ndilo ninalolizuia."

Kiongozi alimpiga kibodi usoni, nyusi ikapasuka. Marehemu alikwenda kunawa damu akaiacha kompyuta yake wazi. Aliporudi, idhini ilikuwa imeshaingia kwa jina lake. Mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki matone ya damu, alimwona kiongozi akibonyeza. Marehemu alimwandikia mkurugenzi saa ile ile. Jibu lilikuwa: "Mambo ya ndani, mdogo wangu, tuyamalize ndani."

Baada ya siku nne mashine ilimshukia mwendeshaji wake, baba wa watoto wawili, ikamponda mikono na kifua, akafa. Wenzake kiwandani walipouliza nani aliruhusu, walionyeshwa jina la Subiri.

Marehemu hakuugua. Tarehe 18 Machi wanaume wanne kutoka kiwandani kule waliingia ofisini na nondo. "Subiri ni yupi?" Kiongozi alimwonyesha kwa kidevu. Walimpiga kati ya meza, kichwani, mgongoni, na tena kichwani alipokwisha kuanguka. Wasomi walijificha chini ya meza zao; mmoja alirekodi kwa simu. Mama wa usafi peke yake ndiye aliyejitupa juu yake, akavunjwa mkono. Hospitalini marehemu alipata fahamu mara moja, akamwambia mkewe, "Waambie sikuidhinisha." Alifariki tarehe 21 Machi, saa tatu asubuhi.

Familia iliiomba kampuni iliondoe jina lake kwenye idhini ile. Mkurugenzi alijibu kwamba kumbukumbu za mfumo hazibadilishwi, akaleta shada la maua na salamu za kusomwa hapa, zinazosema marehemu alishirikiana na wenzake kwa moyo mmoja. Salamu hizo hazitasomwa. Shada liko nje, getini.

Ameacha mama, mjane, binti wa miaka saba, kaka wawili na dada mmoja. Mama wa yule mwendeshaji yuko nasi, amekaa karibu na mama wa marehemu. Jana usiku tulimweleza yote, naye akaomba aje kuzika. Kwa kuwa mfumo wao haubadilishwi, imechapwa kwenye karatasi hii, nakala mia tatu, kila mmoja aende nayo kwake: hakuidhinisha.

Lala, mwanangu. Tumewaambia.