Risala ya Wapangaji Kuhusu Fundi Bomba na Habari za Ngazini

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa redio tunayoiamkia kila siku. Watangazaji wetu wa kipindi cha asubuhi, ambao huku tunawaita Kaka na Dada ingawa tunajua hamna undugu. Mama mwenye nyumba. Na ninyi wapangaji wenzetu, mliopata viti na mliokosa:

KARIBUNI UANI

Sisi wapangaji wa jengo hili tumefurahi mno kuwapokea. Tunaomba radhi kwa nguo zinazoning'inia juu ya vichwa vyenu. Tuliambiana zianuliwe, na kila mtu akadhani mwenzake ameanua. Shuka lenye maua ni la mwenyekiti wetu, naye ametuomba tuseme kwamba linakaribia kukauka.

TULIVYOANZA KUWASIKILIZA

Zamani redio kwetu ilikuwa ya kusindikiza mapishi tu. Ndipo Kaka na Dada wakaanzisha sehemu ya kuwaelekeza vijana wanaotaka kuwa wanamuziki na watangazaji. Ninyi mlisema vijana. Hapa waliitikia watu wa rika zote. Mshonaji wa chini alimsikia Dada akisema mwanamuziki aimbe hata akiwa kazini, naye akaimba. Tangu siku hiyo wateja wake huchukua suruali kabla hazijapigwa pindo, bora waondoke mapema.

Lakini aliyeitikia kwa moyo wote ni Fundi Bomba. Huyu ni jirani yetu wa ghorofa ya pili, baba wa mapacha, fundi wa mabomba tangu ujana wake. Kaka alisema redioni kwamba anayetaka kutangaza ajizoeze kueleza anachokiona, popote alipo. Fundi akatoa kigoda chake, akakaa kwenye kona ya ngazi na kushika spana kama maikrofoni. Asubuhi hiyo jengo zima lilisikia:

"Anayepanda sasa ni mke wa dereva. Amebeba vitunguu. Anapumzika. Ameniangalia. Hajafurahi."

Tulidhani ni homa, na kwamba angepona baada ya siku chache. Hakupona.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu yametokana na kutoelewana kwa watangazaji wako. Kaka alishauri kwamba mtangazaji apaze sauti kama anamwita mtu wa ng'ambo ya barabara. Kesho yake Dada akampinga hewani, akasema sauti nzuri hunong'ona, mtu ajione anaambiwa siri peke yake. Fundi hakutaka kumvunjia heshima yeyote kati yao. Akawa anaanza habari kwa kupaza na kuimalizia kwa kunong'ona.

"Katika ghorofa ya tatu," alipaza siku moja, "ugomvi wa bwana mmoja na shemeji yake umekwisha, na aliyeomba msamaha kwanza ni..."

Hapo sauti ikashuka, na milango yote ikafunguka. Watu walioishi hapa miaka bila kusalimiana wakajikuta wamebanana ngazini, wengine na miswaki mdomoni, wakiulizana amesema nani. Sasa tunajuana. Tunakopeshana chumvi na kuulizana hali za wagonjwa. Hata mama mwenye nyumba aliziba tundu la paa baada ya kulisikia likitangazwa mbele ya wageni wake, na kwa hilo tunampongeza, yeye na Fundi.

CHANGAMOTO

Msomaji anaombwa asiruke sehemu hii.

Redio ilipowaita wasikilizaji waje kujaribiwa sauti, Fundi alikwenda. Mkewe alimpigia pasi shati mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Fundi alilishika kulitangaza, akalikunja. Tulimsindikiza mpaka kituo cha basi, na mshonaji akatuimbia njia nzima.

Fundi alimsimulia mkewe yaliyofuata, na mkewe akatusimulia sisi. Aliingizwa kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, maikrofoni na kioo. Kaka na Dada, mkiwa nyuma ya kioo hicho, mlimpungia mkono aanze. Akataja jina lake. Halafu akatafuta mtu anayepanda au kushuka, na hakukuwa na mtu. Akaendelea kutafuta mpaka mkaanza kutazamana. Mwishowe akasema, kwa sauti nzuri sana, "Kuna koki inavuja mahali."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa ya sinki la jikoni kwenu, akaenda akaikaza. Mkafurahi, mkampa kazi ya kuangalia mabomba yote ya redio. Kwa hiyo alirudi nyumbani na kazi, ila si ile aliyoifuata.

Tangu hapo kigoda kiko ndani na Fundi hatangazi chochote. Dereva alijaribu kushika zamu yake, akamtangaza mke wake mwenyewe akipanda ngazi, na hakuendelea. Mke wa Fundi ndiye aliyetutia uchungu zaidi. "Alikuwa akiniudhi kwa kutangaza chai yangu," alituambia. "Sasa anakunywa tu. Bora aniudhi."

MAOMBI

Kwanza, tunaomba Kaka na Dada wapatane kabla ya kuingia hewani, au wasipatane kabisa. Tumejadili na hatukuafikiana.

Pili, tunaomba mmoja wenu amnong'oneze mshonaji kwamba kunyamaza nako ni sehemu ya muziki. Sisi tukimwambia anasema hatuna taaluma.

Tatu, tunaomba Fundi Bomba ajaribiwe upya, na mle chumbani kiwekwe kiti na mtu akikalie, yeyote, hata kama amesinzia. Fundi hawezi kuzungumza na kioo. Akiona watu hana shida.

Hili, mgeni rasmi, hatukutaka uliamini kwa maneno matupu. Risala hii ilikuwa isomwe na mwalimu wa ghorofa ya tatu. Ulipokuwa unashuka garini sauti ya mwalimu ilikauka ghafla, na ni sisi tuliomwomba ikauke. Karatasi hizi akatiwa mkononi jirani aliyesimama karibu, bila kuzisoma kwanza. Unayemsikia ndiye Fundi Bomba mwenyewe. Tumempa aibu yake aisome mbele ya watu wote hapa uani, na kama amefika kwenye mstari huu, basi hakuikimbia.

Fundi, tusamehe, jirani. Mkeo alijua, mapacha walijua, hata mama mkwe wako alijua na akaweza kunyamaza, jambo ambalo yeye mwenyewe bado analistaajabia. Kujaribiwa kwako ndiko huku, na kumekwisha. Unaweza kukaa.

Mwenyezi Mungu aijalie redio yenu umeme usiokatika, awape Kaka na Dada maisha marefu ya kubishana, na wewe mgeni rasmi akufikishe nyumbani salama, ukiwa umekwisha kuamua.

Ni sisi majirani zake,
Umoja wa Wapangaji, ghorofa zote, pamoja na mshonaji.