Chui wa Kwenye Miwa na Fundi Baiskeli Aliye Mahabusu

Mgeni rasmi,
Viongozi mliofuatana naye,
Wazee wetu, kina mama, kina baba, na ninyi mliosimama juani kwa kuwa viti havikutosha,

KUKARIBISHA

Tunakupokea kwa mikono miwili. Tulitaka kukuambia ujisikie uko nyumbani, lakini kikao cha maandalizi kilibishana juu ya maneno hayo kwa nusu saa nzima, maana siku hizi sisi wenyewe hatujisikii tuko nyumbani hapa. Mwisho tukakubaliana tuseme karibu, basi, na iwe karibu ya kweli. Umetoka mbali kuja kutukabidhi ngao ya usafi wa mazingira. Tunashukuru.

HISTORIA FUPI

Babu zetu waliletwa hapa kukata miwa. Kazi ilipoisha, wao wakabaki. Vitongoji vyetu vitatu vimezungukwa na miwa pande tatu, na upande wa nne ni mto. Tuna zahanati ya vyumba vinne, shule ya msingi, mashine ya kusaga, na karakana moja ya baiskeli chini ya bati. Hatuna msitu wala mlima. Hifadhi ya wanyama iliyo karibu iko mwendo wa siku nzima kwa gari. Mtoto wetu akiambiwa achore chui, humwiga wa kitabuni.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu ni usafi, na ndio uliokuleta. Huu ni mwaka wa tatu mfululizo tunashika nafasi ya kwanza wilayani. Kwetu kila kaya hufagia uwanja wake, na hatua kumi za njia ya umma, kabla jua halijachomoza. Mgeni akitarajiwa tunafagia mara mbili, tunafyeka nyasi, tunapaka mawe chokaa. Anayeacha jani mlangoni hupigwa utani mpaka harusi ya mjukuu wake.

Aliyetufundisha haya ni mfagiaji wa zahanati, ambaye wakubwa kwa wadogo wanamwita Mama Fagio. Ana miaka kumi na minne katika kazi hiyo. Ngao hii kwa haki ni yake, lakini hakuja kuipokea. Yuko nyumbani kwake, mlango umerudishwa. Tulimwendea kuomba ruhusa ya kusimulia yaliyomfika. Akasema, "Semeni. Ila msiniongezee chumvi, na msinipunguzie."

CHANGAMOTO

Changamoto tulizoandika zilikuwa saba. Kuna maji, kuna barabara, kuna paa la darasa la nne. Wenye changamoto sita nyingine wamekubali wenyewe zisisomwe leo, ili muda wote upewe hii moja.

Chui alianza kuonekana mwanzoni mwa mwaka. Wa kwanza alikuwa dereva wa trekta, aliyemkuta amelala juu ya kalvati saa tatu asubuhi kama mtu aliyefika mapema kazini. Dereva huyu ni mtu wa masihara, hivyo alipotuambia tulicheka. "Chui au mkeo amekufuata?" wakamwuliza kijiweni. Wiki iliyofuata alionwa na mwalimu mkuu, ambaye hacheki wala hachekeshi. Hapo tukaacha kucheka. Tukampa mnyama yule jina la Mpangaji, kwa sababu tulijua yumo lakini hakuna aliyemwona akitoka wala akiingia. Tulitoa taarifa kwa watu wa wanyamapori. Tukajibiwa kwa simu kwamba eneo letu halina chui, kwamba kwenye ramani waliisha zamani, na kwamba tulichoona ni paka pori. Tukasema sawa. Wenye ramani wamesema.

Mama Fagio alikuwa na mama mzazi, bibi wa miaka sabini na kitu, na mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye fundi baiskeli. Watatu hao waliishi uwanja mmoja. Fundi alifuga mbwa wanne. Tangu Mpangaji aonekane, mbwa wale walikuwa wakisimama kila jioni kwenye ukingo wa miwa na kubweka mpaka sauti zinakauka, nasi tulikuwa tukimlalamikia fundi kwamba wanatusumbua.

Siku yenyewe, saa kumi alasiri, bibi alikwenda kuokota kuni kandokando ya miwa, hatua mia mbili kutoka nyumbani. Mama Fagio alikuwa akirudi kutoka kazini. Akasikia mbwa. Alituambia kwamba kubweka kwao siku hiyo hakukuwa kwa kawaida, kulikuwa kama kulia. Akatupa ndoo, akakimbia. Akamwona mama yake amelala kifudifudi, na juu yake mnyama wa madoadoa, mabega yamechongoka, mkia mrefu umejikunja nchani. Mnyama akamtazama. Hakuwa na haraka. Mbwa walipofika akageuka, akaingia katika miwa, na miwa ikajifunga nyuma yake kama maji.

Mbwa hawakumfuata. Walibaki na bibi, wakimlamba, wakimsukuma kwa pua ili aamke, kama walivyozoea kumwamsha asubuhi. Hivyo ndivyo majirani walivyowakuta: bibi amekufa, na mbwa wanne midomo yao ina damu.

Mwalimu mkuu alifanya jambo la akili. Njia ilikuwa na unyevu kwa mvua ya jana yake, na nyayo zilikuwa zimejichora, kila moja pana kama kisahani, za kwenda na za kurudi. Akaazima mabeseni na sufuria kwa kina mama, akazifunika nyayo kumi na moja. Akasema hakuna kugusa mpaka wataalamu waje.

Siku ya tatu tukapata taarifa kwamba wataalamu wanakuja kesho yake pamoja na polisi. Mgeni rasmi, hapa ndipo tunapoona haya kusoma. Neno "wageni" lilitufika kabla ya neno "ushahidi." Mwenyekiti wetu alisema wageni wasitukute hovyo kwa sababu ya msiba. Hakuwa na nia mbaya, na hakuna aliyembishia. Tulitoka kaya zote. Tulifagia njia mara mbili, tukafyeka ukingo wa miwa, tukamwaga maji penye damu, tukasugua. Kila mama akachukua beseni lake. Mwalimu mkuu alikuwa ameondoka kwenda mjini kuwapokea hao hao wataalamu.

Mama Fagio alikuwa ndani, amekaa mkekani na waombolezaji. Alizisikia fagio. Kwa miaka kumi na minne sauti ile ilikuwa ikitoka mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza aliisikia ikimjia. Ametuambia kwamba moyo wake ulitulia. Aliwaza, wamenionea huruma, wamenishikia kazi yangu. Akalala usingizi, usingizi wa kwanza tangu msiba.

Wataalamu walikuta njia inang'aa.

"Nyayo ziko wapi?" afisa wa wanyamapori akauliza.

Bibi mmoja jirani akajibu, "Zilikuwepo, mwanangu. Tumefagia."

"Mmefagia?"

"Kwa ajili yenu."

Afisa alikuwa kijana mpole. Hakucheka. Akamwendea Mama Fagio, akachuchumaa mbele yake. "Pole sana, mama. Huyo mnyama alikuwa umbali gani?"

"Kama kutoka hapa hadi jikoni."

"Unavaa miwani?"

"Ya kusomea tu."

"Huenda ni mbwa mkubwa, mama. Mtu akipata mshtuko..."

"Mbwa wa hapa nawaogesha mimi," akamkatiza. "Nawajua mpaka viroboto wao. Nikuambie jina la kila kiroboto?"

Afisa akaandika kitu. Baadaye tulijua aliandika kwamba hakuna dalili za mnyama wa mwituni, na kwamba mbwa wanne walikutwa na damu. Polisi wakaenda karakana. Fundi alikuwa ameshika gurudumu la mtu, anakaza spoku. Wakamwambia ni mwenye mbwa hatari waliosababisha kifo. Mbwa wakapigwa risasi nyuma ya karakana. Fundi aliomba jambo moja tu: "Huyo mweupe muanzeni yeye. Ni mwoga, asisikie za wenzake." Askari mmoja akamkubalia.

Huu ni mwezi wa tano fundi yuko mahabusu. Anashtakiwa kwa kifo cha mama yake mzazi, na hakumzika, kwa kuwa maziko yalikuwa yakisubiri polisi waje.

Mpangaji hajahama. Tangu mbwa waondoke anakuja karibu zaidi. Amechukua mbuzi saba. Mkunga wa zahanati amemwona mara mbili kupitia dirisha, mchana kweupe, na sasa kina mama wajawazito wa ng'ambo ya miwa hawaji kliniki. Wawili wamejifungulia njiani wakijaribu kupita mtoni. Kijana wa mashine ya kusaga alimpiga picha kwa simu, na picha ikaonyesha miwa tu. Tukienda kutoa taarifa tunaambiwa, "Mnamtengenezea ndugu yenu utetezi." Kwa hiyo wengi wetu tumeacha kusema. Mtu anaona, anaingia ndani, anafunga mlango. Mke humwuliza, "Umemwona?" Naye hujibu, "Nimeona nini? Hapa hakuna kitu. Waulize wenye ramani."

Mgeni rasmi, haya bado tungeyavumilia. Tulichoshindwa kukivumilia ni cha Jumamosi iliyopita.

Mama Fagio humpelekea mdogo wake sabuni na chakula kila Jumamosi. Huongea kupitia wavu, askari amesimama kando. Jumamosi hiyo fundi hakugusa chakula.

"Dada," akasema, "nieleze tena. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Kwa macho yako?"

"Niliazima ya jirani?"

Hakucheka. Zamani angecheka. "Siku ile sikuwapa mbwa chakula," akasema. "Kulikuwa na baiskeli ya muuza maziwa, nikasema nimalize kwanza. Nikasahau. Tangu asubuhi hawakula, dada."

"Mdogo wangu, mbwa hali mtu aliyemlea kwa kukosa mlo mmoja."

"Wenzangu humu wanasema hula. Kuna mmoja alikuwa mlinzi, anawajua mbwa." Akafuta macho kwa kiwiko. "Wewe ni dada yangu. Ungekuwa umeona mbwa wangu wakimla mama, ungeniambia? Usingeniambia. Ungesema ni chui."

Mama Fagio alishika wavu. Alimwapia kwa Mungu, akamwapia kwa kaburi la mama yao. Kila alivyoapa ndivyo fundi alivyomtazama kwa huruma, kama mtu anayebembelezwa na kujua kwamba anabembelezwa.

"Alhamisi narudi mahakamani," fundi akasema. "Nitakubali. Mimi ndiye niliyesahau kuwalisha."

Mama Fagio alirudi kwa miguu, kilomita tisa, hakupanda kitu. Tulimkuta mlangoni pake amekaa, sahani ya chakula bado imefunikwa mapajani. Akatuambia maneno haya, nasi tunayasoma kama alivyoyasema: "Nilidhani wamenichukulia mama, kisha ndugu. Kumbe ndugu bado, ndio wanamchukua sasa."

MAOMBI

Sisi si wajinga, mgeni rasmi. Tunajua mahakama ina njia yake na wewe una yako, wala hatukuombi uingie pasipokuhusu. Tunaomba yaliyo mkononi mwako.

Tunaomba wataalamu waje tena, na safari hii waje bila kutupa taarifa, maana tukijua wanakuja tutafagia. Ndivyo tulivyo, mikono yetu hutangulia akili. Waje na kamera zile za kufungwa mitini. Hapa hakuna miti mingi, lakini nguzo za uzio tutachimbia wenyewe. Waje wakae siku saba. Mwenyeji wa kuwaonyesha Mpangaji anapopita tunaye. Ni dereva wa trekta, na safari hii hatutamcheka.

Tunaomba pia taarifa ya afisa yule iongezewe mstari mmoja, unaosema kwamba nyayo zilikuwepo, zilifunikwa kwa mabeseni, na sisi wakazi ndio tuliozifuta. Walioshika fagio siku ile wamejiandikisha. Tuko mia na kumi na sita, na karatasi ya majina iko hapa. Kama kufuta ushahidi ni kosa, kosa hilo lina wenyewe, na fundi hayumo.

Ombi la mwisho si la maandishi wala la vifaa. Leo ni Jumanne. Kituo cha mahabusu anakozuiliwa fundi kiko kwenye njia utakayorudia, upande wa kushoto, baada ya daraja. Tunakuomba usimame hapo. Umwite, umwambie kwamba hakumuua mama yake.

Sisi tumeshamwambia. Dada yake amemwambia. Haamini tena maneno yetu, kwa kuwa anajua kwamba tunampenda. Wewe hakujui, wala huna sababu ya kumbembeleza. Ukisema wewe, huenda akaamini. Na akiamini, hata wakimfunga, atafungwa akiwa mtoto wa mama yake.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tumemaliza. Njia ya kurudi ikufungukie, wa nyumbani kwako uwakute kama ulivyowaacha, na Mungu akupe sauti inayosikika pale sauti zetu zinapoishia. Tunakuomba usikawie sana kwenye chakula tulichokuandalia. Tumekufungia, utakula garini, maana kituoni hufunga milango ya wageni saa kumi.

Ni sisi,
Kikundi cha Usafi na Mazingira,
pamoja na wakazi wote wa vitongoji vitatu vya kwenye miwa.