Mama Pindo na Neno Ambalo Halikusemwa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni kiti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja aliyezikwa mwezi uliopita, akiwa na miaka hamsini na minne. Mtaani kwake walimwita Mama Pindo. Jina lilimfaa, maana hakuweza kumtazama mtu usoni kabla hajatazama pindo la nguo yake. Siku moja alimsimamisha bwana harusi mlangoni, watu wote wakisubiri, akamkata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye suruali. Akamwambia, "Sasa nenda kaoe."

Mume wake ni fundi bomba. Walijaliwa watoto watatu. Uzazi wa tatu nusura umuue. Alivuja damu hadi midomo ikawa myeupe. Daktari akawaita wote wawili, akasema waziwazi: mimba nyingine inaweza kumwondoa. Kumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mimba nyingine inaweza kumwondoa. Na fundi bomba huyu, mama yake mzazi alifariki akijifungua. Maneno ya daktari yalimwingia kama msumari.

Basi Mama Pindo akaanza vidonge vya uzazi wa mpango. Aliyempa ni muuguzi wa zahanati ya mtaa, shoga yake tangu utotoni. Walisoma dawati moja. Watoto wa Mama Pindo walimwita mama mdogo. Muuguzi alimweleza vizuri: wanawake mia wakivimeza vidonge hivi kila siku bila kukosa, mwaka mzima, wanaopata mimba hawafiki hata mmoja. Lakini binadamu husahau, huchelewa, huishiwa. Kwa maisha hayo ya kawaida, katika mia, kama saba hivi hupata mimba.

"Mimi sitakuwa katika hao saba," Mama Pindo akajibu.

Na hakuwa. Miaka sita alimeza kidonge kila jioni, taarifa ya habari ikianza. Binti yake mkubwa alituambia, "Hata tukiwa na wageni, mama alinyanyuka. Tulijua anakwenda wapi. Pakiti tupu alizitia kwenye kopo la biskuti. Hakutupa hata moja."

Mwaka wa saba akapata kikohozi kisichokoma. Akapimwa, ikawa kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa za miezi sita. Alipokwenda zahanati kuchukua vidonge vyake, alimuuliza shoga yake: "Hizi dawa za kifua na vidonge vyangu, havitagombana?"

Muuguzi alikuwa anaandika kwenye daftari. Foleni ilifika mlangoni. Akasema, "Havigombani. Endelea tu."

Wasikilizaji wapendwa, vinagombana. Wataalamu wanatuambia kwamba zipo dawa za kifua kikuu zinazopunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke anayetumia dawa hizo huhitaji njia nyingine. Mama Pindo aliuliza. Akajibiwa hapana.

Mwezi wa nne wa dawa, akawa mjamzito.

Fundi bomba aliposikia, alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu. Hofu ilimgeukia ikawa hasira. "Uliacha kumeza," alisema.

"Sikuacha."

"Basi ulisahau."

Mama Pindo akaleta kopo la biskuti, akamwaga pakiti zote kitandani. Mumewe akazitazama. Kisha akasema kitu ambacho leo anajuta kukisema: "Vidonge vinaweza kutupwa chooni, pakiti ikabaki."

Kesho yake asubuhi alikwenda zahanati mwenyewe. Akamuuliza muuguzi: mtu akimeza kila siku bila kusahau, kidonge kinaweza kushindwa? Wasikilizaji, hapa ndipo palipohitaji neno moja tu. Muuguzi alikwisha kukumbuka kwamba dawa zile zinagombana. Alikumbuka mchana uleule wa lile swali, saa chache tu baada ya shoga yake kuondoka. Alijiambia atamweleza Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine, na nyingine. Sasa mume wa mtu amesimama mbele yake, anauliza.

Akajibu, "Shemeji, asiposahau, hakishindwi."

Fundi bomba alirudi nyumbani na sentensi hiyo. Hakupiga kelele. Alihamishia mto wake upande wa miguu, na kwa miezi iliyobaki alizungumza na mkewe kuhusu chumvi, sabuni na karo tu.

Mama Pindo alijifungua kwa upasuaji mimba ikiwa na miezi minane. Mtoto wa kike, mzima. Mama alitolewa kizazi, akakaa siku nne hajui yuko wapi. Mumewe hakutoka hospitalini siku hizo zote. Alimpenda, wasikilizaji wapendwa. Alimpenda huku akiamini kwamba mkewe alimdanganya.

Akiwa bado kitandani nyumbani, Mama Pindo alimwomba binti yake mkubwa amsomee karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la vidonge. Herufi ndogo kama chawa. Binti akasoma mpaka pale palipoandikwa kwamba dawa za kifua kikuu zinaweza kupunguza nguvu ya vidonge. "Mama akaniambia nirudie," alisema binti. "Nikarudia. Akaniambia nirudie tena."

Alimwonyesha mumewe. Mume akasema, "Karatasi zinaandika mengi. Mwenye kazi yake aliniambia vingine."

Mama Pindo akajikongoja hadi zahanati, mkono juu ya mshono. Akaweka karatasi mezani. Muuguzi hakuisoma.

"Ulijua?"

"Nilikumbuka baadaye."

"Baadaye lini?"

Muuguzi akasema, "Nitafukuzwa kazi. Nina watoto."

"Mimi pia nina watoto," Mama Pindo alisema. "Sitaki ufukuzwe. Nataka umwambie mume wangu. Yeye peke yake."

"Nitamwambia."

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Muuguzi hakumwambia. Mwaka ule hakumwambia, wala uliofuata, na Mama Pindo akaendelea kumngoja.

Mama Pindo akarudi kwenye cherehani. Wateja wake wanakumbuka kitu kimoja. Akikupima kifua na kiuno, futi ya nguo shingoni, pini mdomoni, lazima akuulize, "Unameza vidonge? Na dawa gani nyingine?" Mteja mmoja alituambia, "Nilikwenda kushona gauni, nikatoka nimetumwa kwa daktari." Kumbe alikuwa na dawa za kifafa, na baadhi ya hizo nazo hudhoofisha vidonge. Gauni lilitoka zuri pia.

Shinikizo la damu lilimchukua Mama Pindo siku ya Alhamisi, asubuhi. Makaburini, ilipoulizwa kama yupo mwenye neno, muuguzi alisimama. Amestaafu sasa. Alisema yote, kuanzia lile daftari mpaka ile sentensi, na ahadi aliyompa Mama Pindo. Hakulia. Binti mkubwa alimsubiri amalize, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, alikungoja miaka kumi na minane."

Fundi bomba nilimkuta kwake, amekaa kando ya cherehani iliyofunikwa shuka. Alisema, "Nimelala kitanda kimoja na mtu niliyemwita mwongo. Sasa nikamwombe radhi nani?"

Kwa fundi bomba, kwa watoto wanne, na hasa kitinda mimba wao ambaye mwezi ujao anaanza chuo, poleni sana. Mungu awape subira.

Na wewe unayetusikiliza: ukipewa dawa yoyote, taja na vidonge unavyomeza, na ukijibiwa kwa haraka, uliza tena. Na kama unalo neno la kumsafisha mtu, mpelekee leo, angali anasikia.

Muuguzi yule aliniruhusu kusimulia haya. Aliniomba jambo moja, nisilitaje jina lake. Sikulitaja. Hata Mama Pindo, miaka yote ile akiwaonya wateja, hakulitaja.