Ukurasa Aliouruka Mwalimu Edinah Bochaberi

Baba yetu Stanley, wazee wa ukoo wa Okari na wa Angwenyi, mchungaji na wazee wa kanisa, walimu, wanafunzi, majirani na waombolezaji wote, leo Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, tumekutana katika boma hili, nje kidogo ya mji wa Oyugis, kumsindikiza Mwalimu Edinah Bochaberi Okari, na historia yake inasomwa na kifungua mimba wake, Pauline, kwa niaba ya familia. Kabla ya kuanza ni vyema ijulikane kwamba marehemu mwenyewe aliagiza historia hii isomwe yote bila kurukwa kitu, na agizo hilo limetugawa tangu Jumapili hadi asubuhi hii, kwa hivyo mkiona karatasi ya ibada mliyopewa haifanani na yanayosomwa, msidhani msomaji amepotea njia.

Edinah alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mjini Migori, mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu Mzee Angwenyi, aliyekuwa akiuza nguo sokoni, na marehemu Mama Eucabeth, aliyekuwa mkulima na shemasi wa kanisa la Waadventista. Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1973, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1979, akaingia sekondari mwaka uliofuata na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1983, na wanaomkumbuka wakati huo wanasema alikuwa mtoto wa maswali mengi, wa kumuuliza mchinjaji kila kiungo cha ng'ombe kinafanya kazi gani hadi nyama ya watu inachelewa. Mwaka wa 1985 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka wa 1987, na Januari 1988 akapelekwa kufundisha sayansi katika shule moja ya msingi huko Ntimaru, mahali ambapo hakuwa na ndugu wala jamaa.

Ni Ntimaru alikopata jina lake kama mwalimu, kwa sababu Edinah hakuamini kwamba mtoto anaweza kujua kitu ambacho hajakiona. Kila muhula alinunua mapafu ya mbuzi buchani, akayaleta darasani kwenye karai, akatia bua la mpapai kwenye koo na kumwita mtoto mmoja apulize, na darasa zima likashangaa kuona nyama ile ikivimba na kunywea kama inayopumua, na utumbo nao aliufungua wote ukazunguka darasa mara mbili ili watoto waone safari ya ugali. Mfumo wa jua aliufundisha kwa miguu, akiweka boga dogo mlangoni mwa darasa kuwa jua, kisha akihesabu hatua ishirini na kuweka punje moja ya wimbi, akiwaambia watoto kwamba hiyo ndiyo dunia, na Ntimaru, Nairobi na mataifa yote na vita vyao vimo ndani ya punje hiyo, ndipo akaendelea na safari yake hadi hatua ya mia sita, huko kwenye mashamba ya watu, na kuweka pojo moja kuwa Neptuni. Wako hapa leo watu wazima wenye mvi ambao hawakumbuki hata tarehe ya harusi zao, lakini hatua hizo mia sita wanazikumbuka.

Punje hiyo ya wimbi ndiyo iliyompa mume, maana kijana aliyekuwa akiuza nafaka katika soko la Ntimaru, Stanley Okari, alipoulizwa bei ya punje moja alicheka hadi akaketi juu ya gunia, akasema yeye huuza kwa mkebe wa gorogoro, hajawahi kuuza dunia, na akampa bure. Walifunga ndoa takatifu Jumapili tarehe 16 Desemba 1990, na Mungu akawajalia watoto watatu, Pauline mwaka wa 1992, Kerosi mwaka wa 1995 na Mong'ina mwaka wa 1999, ambao wote wako hai na wote wako hapa. Mwaka wa 1996 alihamishwa hadi Macalder, alikofundisha watoto waliokuja darasani na vumbi la machimbo kwenye nywele, na aliwasomesha mapafu kwa bidii zaidi kuliko kitu kingine chochote, na mwaka wa 2009 akahamia hapa Oyugis, karibu na nyumbani, ambako angestaafu Machi mwaka ujao.

Sasa yasemwe na yale aliyotaka yasemwe. Katika kitabu cha darasa la sita, baada ya upumuaji, damu na chakula, upo mfumo wa uzazi, na huo Mwalimu Edinah hakuufundisha hata siku moja. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni, inayomkataza mzazi kutaja mambo hayo ya mwili mbele ya mtoto, na mtoto mbele ya mzazi, na kwa kuwa kila mwanafunzi alimwita Mama, naye aliwahesabu wote kuwa watoto wake, aliona akiufundisha atakuwa amejivua nguo mbele yao. Alizibana kurasa hizo kwa kibanio cha nguo, akawaambia watoto watawauliza mama zao nyumbani, akabeba boga lake na kuwatoa nje, na watoto hawakulalamika kwa sababu nani anakataa kutoka nje. Mwalimu mwenzake, Japheth, alikuwa akimtania katika chumba cha walimu kwamba Mama Pauline anafika Neptuni haraka kuliko anavyofika chini ya kitovu, naye alicheka pamoja na wengine, ingawa kila mwaka matokeo ya mtihani yalipokuja, watoto wake walikuwa wamepata maswali yote ya mwili isipokuwa yale mawili ya uzazi.

Mwezi wa Juni 2022, akiwa na miaka hamsini na sita na hedhi ikiwa imekoma zamani, Edinah alianza kutokwa na damu. Hakumwambia mume wake, hakumwambia binti yake yeyote, na Oktoba mwaka huo alipokwenda zahanati, daktari aliyemkuta kwenye kiti alikuwa Ryoba, mtoto aliyepuliza mapafu ya mbuzi kule Ntimaru mwaka wa 1991. Alifurahi kumwona, akamshika mkono kwa muda mrefu, na alipoulizwa anaumwa nini, akasema mgongo. Ryoba alimuuliza kama kuna kitu kingine, naye akajibu, "Hakuna, Ryoba, ni mgongo tu," akapewa dawa ya mgongo, na Machi 2023 akarudi tena na kusema vilevile, kwa sababu asingeweza kumtajia mtoto wake sehemu ile, hata kama mtoto huyo alikuwa amevaa koti jeupe na alikuwa amesomea kuitibu. Ryoba yuko hapa, ameketi pale nyuma na amekataa kuja mbele, na familia inamwambia mbele ya watu wote kwamba hana kosa, kwa maana alitibu kile alichoambiwa.

Agosti 2023 alianguka akiwa katika chumba cha walimu, na mwenzake, Mwalimu Millicent, ndiye aliyeona damu kwenye sketi, akafungua leso yake mwenyewe ya kiunoni, akamfunga nayo na kumpeleka hospitali bila kuuliza ruhusa ya mtu. Alipelekwa Kisumu, akapimwa, na ikapatikana kwamba ugonjwa ulikuwa na zaidi ya mwaka ukitembea, na daktari akasema, kwa upole kabisa, kwamba angekuja miezi ya kwanza wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Alitibiwa kwa miale na dawa mwaka mzima wa 2024, Baba Stanley akilala kwenye kiti kando ya kitanda chake, na Januari 2025, akiwa amekonda hadi pete inamtoka kidoleni, alirudi darasani ingawa sote tulimkataza.

Jumatano tarehe 19 Februari mwaka huu alitoa kibanio. Akaandika ubaoni mfumo wa uzazi, akachora kizazi na mlango wa kizazi, akafuta na kuchora tena, na watoto wakainamisha vichwa wakitazama madawati, mpaka msichana mmoja aitwaye Nyaboke alipoinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, hii ndio ilikufanya ugonjeke?" Akajibu, "Ndio. Ni hii. Na niliogopa kusema." Siku iliyofuata wazazi wawili walikuja kulalamika kwa mwalimu mkuu, na wa tatu akaja, na kila mtu akadhani naye amekuja na hasira, lakini alimvuta Edinah pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini kipimo cha ugonjwa huo kinafanyiwa wapi.

Mwezi wa Mei ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki, akiwa na miaka hamsini na tisa. Karatasi yenu inasema aliugua kwa muda mfupi. Mstari huo uliwekwa kwenye kikao cha Jumapili, baada ya baba mkubwa Monari kusema mambo ya wamama hayasomwi mbele ya wazee, na hakusema kwa ubaya, alisema kwa kuwa hakutaka mke wa ndugu yake afunuliwe akiwa hawezi kujifunika. Pauline naye, anayesoma mbele ya baba zake wote, amelia siku tatu akiomba kazi hii ipewe mtu wa nje, na leo asubuhi Baba Stanley alimwambia tu, "Soma vile alisema." Kwa hivyo inasomwa. Mwalimu Edinah Bochaberi hakuugua kwa muda mfupi, aliugua miaka mitatu, na ugonjwa uliomuua ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikionekana mapema inatibika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisumu na wa zahanati yetu, Mwalimu Millicent kwa leso ambayo hajawahi kuidai, Mwalimu Japheth na walimu wote wa Ntimaru, Macalder na Oyugis, majirani mliochota maji na kupika tangu wiki iliyopita, na kanisa kwa maombi, na inamshukuru baba mkubwa Monari, ambaye angeweza kuondoka kwenye kiti chake msomaji alipofika hapo juu, na bado ameketi.

Mama, yule binti yako aliyekuwa akijificha jikoni ukimwita mzungumze ya kike, huyu huyu anayesoma, Jumatatu hii alikwenda zahanati peke yake, akamkuta Ryoba kwenye kiti, na alipoulizwa amekuja kwa ajili ya nini, hakusema mgongo. Alisema yote, akapimwa, hakupatikana na kitu, na akaambiwa arudi baada ya miaka mitatu. Somo limefika, Mwalimu, pumzika sasa kwa amani.