Abeli Kazimili: Kutoka Mizani ya Pamba hadi Mizani ya Watoto

Tarehe 30 Juni 2007 Mzee Abeli Kazimili analivua rasmi koti jeupe la zahanati yetu ya hapa Nyantakara, baada ya miaka kumi na mitatu ya kutibu wagonjwa. Kabla ya hapo alikuwa na miaka ishirini na ushei ya kupima pamba. Ndiyo, pamba. Wafanyakazi wapya chekeni kwanza, kisha tuendelee.

Alianza kazi akiwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia pamba, na alikuwa mkali. Mkulima asiyetaja jina lake, la baba yake na la babu yake, mzigo wake haukupanda mizani, kwa kuwa wapo waliovuna pamba ya jirani na kuja kuiuza kabla jirani hajaamka. Mwaka 1991 kituo kikafungwa, naye akapunguzwa kazini akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto sita. Shemeji yake Malongo, wa Shinyanga, akatuma ujumbe kwamba wote wahamie kwake. Mkewe, Bi. Secilia, anampenda kaka yake, lakini alijua maana ya kwenda kula kwa mtu na watoto sita.

Bahati nzuri serikali ikawatangazia waliopunguzwa kazini nafasi za kusomea kazi nyingine kwa gharama yake, pamoja na posho ya kujikimu. Abeli akachaguliwa kusomea utabibu msaidizi. Chuoni alikuwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu, na wenzake walimwamkia shikamoo kila asubuhi ilhali wanalala naye bweni moja. Sharti lilikuwa gumu: anayeshindwa mafunzo kwa vitendo anarudi kwao, na ufadhili unakoma. Nyumbani wakakubaliana kwamba akishindwa, wanahama.

Mafunzo hayo aliyafanyia kwenye zahanati ndogo upande wa Murusagamba, mwishoni mwa 1993, Warundi walipokuwa wakikimbia mauaji kwao na kuvuka mpaka kwa maelfu, wengine bila hata kiatu. Abeli aliwekwa mezani kupokea wagonjwa. Akaja mama kijana aitwaye Akimana, mgongoni mtoto anachemka homa. Jina la mtoto alilitaja, la mumewe alilitaja, alipoulizwa la babu wa mtoto akanyamaza. Abeli akarudia swali. Mama akainama. Hapo karani wa pamba akaamka: huyu mtoto si wake, kamchukua mahali. Akamweka kando, akaita mwingine.

Haukupita muda mtoto akakamaa kwa degedege, na Abeli akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Alikumbuka kwamba tangu amwoe Bi. Secilia hajawahi kumsikia akitamka jina la baba mkwe wake. Kwetu Wasukuma ni mwiko mke kumtaja baba mkwe kwa jina, na kwa Warundi ni vivyo hivyo. Alikuwa anamdai binti wa watu jambo ambalo hata mkewe mwenyewe asingelifanya. Akamnyakua mtoto, akamkimbiza kwa msimamizi wake, Bi. Auleria, wakamchoma sindano na kumkanda maji. Babu alipatikana palepale nje. Mzee Habonimana alikuwa ameegemea ukuta muda wote, hakutaka kuingia chumba alimo mkwewe, na jina lake alilitaja mwenyewe bila tabu. Jioni mtoto alinyonya. Mungu ni mwema.

Abeli hakungoja kusemewa. Alimfuata Bi. Auleria akamweleza alivyokosa, huku moyoni akiwaona watoto wake njiani kwenda Shinyanga. Msimamizi huyo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba homa haiulizi ukoo, basi na yeye asiulize kabla hajatibu. Kisha akampasisha.

Utaratibu huo ndio aliotufundisha sisi sote hapa: tibu kwanza, na jina la mkwe muulize aliyemsindikiza mgonjwa. Hatukusikia tena mama akinyamaza mezani. Mizani nayo ilimsumbua kidogo. Miezi ya mwanzo alimning'iniza mtoto, akasoma kilo, kisha kwa mazoea akapunguza uzito wa gunia. Akina mama waliowahi kumuuzia pamba walimuuliza leo kilo ni bei gani, naye akacheka nao.

Ninayeandika ni Nesi Jovina, na nilichokipenda zaidi nilisimuliwa na Bi. Secilia mwenyewe. Siku mumewe aliporudi na cheti, akishuka lori Nyakanazi na kumalizia njia kwa miguu, alimkuta ameshafunga vyombo na magodoro, kwa kuwa moyo ulikwisha kumwambia mabaya. Aliposikia amefaulu alikaa juu ya mzigo ule akalia sana. Kisha akaufungua, akatoa sufuria, akasonga ugali.

Mzee Abeli, ahsante kwa watoto wetu uliowatibu na kwa ukali wako uliogeuka upole. Bi. Secilia, ahsante kwa kutuazima mumeo. Nendeni mkapumzike, mle na kulala katika nyumba ambayo hamkuihama.