Sauti Aliyo Nayo Nzembi

Basi la kutoka Nairobi lilipopita Lukenya asubuhi hiyo ya mwaka 1998, Nzembi alihisi jirani yake wa kiti akilitazama kovu la shingoni mwake.

"Mama, si wewe ndiye Nzembi wa michezo ya kuigiza?" mwanamume huyo akauliza. "Mimi naitwa Wambugu, niko na duka la nguo Machakos. Ulitutoa machozi pale ukumbi wa kanisa."

"Ndiye mimi."

Alianza kuimba jukwaani akiwa na miaka kumi na saba, akazunguka Ukambani kote na kikundi chake kwa miaka ishirini. Kisha akapasuliwa koo, na ile sauti nyororo iliyompa jina ikapotea. Sasa kikundi kilikuwa kimempa nafasi ya nyanya mgonjwa anayelala tu kitandani, bila wimbo hata mmoja.

"Kikundi kimenipa nyanya asiyeimba. Leo naenda kuwaambia huyo nyanya ataimba," alisema.

Wambugu akatikisa kichwa. "Si upumzike, mama? Watu wakukumbuke vile ulikuwa."

"Wanikumbuke na bado niko hai?"

Akaanza kuimba papo hapo. Sauti ilitoka nzito, yenye mikwaruzo, kisha ikakatika. Akameza mate, akaudaka wimbo pale ulipomtoroka, akaumaliza. Hata kondakta aliacha kudai nauli, jambo lisilo la kawaida.

"Hiyo si ile sauti yako," Wambugu alisema kwa upole.

"Ile ilibaki hospitali. Hii ndiyo niko nayo."

Basi lilisimama Machakos. Nzembi alikuwa wa kwanza kushuka.