Namshukuru Mungu kwa Ombi Alilolikataa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa benchi za nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Mimi ni Mama Upendo, wa hapa hapa Kerege, mke wa Elia mchimba visima. Mnivumilie leo, kwa sababu mwaka huu nilibakiza kidogo tu nisimame mbele yenu nikiwa mjane.

Mnamjua mume wangu. Baba yake alichimba visima, babu yake alichimba visima, na yeye alishika sururu kabla hajashika kalamu. Kabla ya kushuka huteremsha koroboi iliyowashwa. Ikizimika, hewa ni mbaya, hashuki. Ikiendelea kuwaka, anashuka. Na akiwa chini huimba besi, wimbo baada ya wimbo, ili walioshika kamba huku juu wajue kwamba yu mzima. Ndivyo alivyofundishwa na wazee wake, na njia hiyo haikuwahi kumwangusha.

Basi kanisa tukaamua kuchimba kisima kwenye kiwanja hiki, na Elia akajitolea. Shimo lilipokuwa limeshakwenda chini sana akaja binti mmoja kutoka Bagamoyo mjini, Bi Mwanahawa, afisa wa usalama kazini. Alimwamkia mchungaji shikamoo, akawaamkia wazee wote mmoja mmoja, ndipo akauliza ni nani mwenye kibali cha kushuka humu. Wazee wakacheka. Kibali cha kuingia kisimani! Yeye hakucheka. Alisema shimo refu namna hii ni kazi ya hatari, anayeshuka lazima awe na mafunzo na kibali, na mashine ya mafuta isiingizwe ndani kabisa. Akasimamisha kazi mpaka atakaporudi kupanga mafunzo. Alipokuwa anaondoka alimwachia Elia mkanda wa kufunga kifuani, wenye kamba yake ya kumvutia mtu juu, akamsihi kwamba hata kama hayo mengine yatamshinda, huo asiuvue.

Ndugu zangu, tulikasirika! Mkutano wa injili ulikuwa unakaribia, wageni wanakuja, maji hakuna. Tukasema huyu ametumwa kuzuia kazi ya Mungu. Sisi akina mama tukafunga, tukamwombea kwa jina, kwamba Bwana amfungie njia asikanyage tena Kerege. Na mimi nilikuwa naongoza maombi hayo, kwa sauti hii hii mnayoisikia.

Kazi ikaendelea bila kumngoja. Chemchemi ikafunguka, maji yakawa mengi kuliko ndoo. Pampu yetu ya mafuta ilikuwa haivuti ikikaa juu, kwa hiyo wanaume wakaiteremsha, wakaiweka juu ya mbao mle mle ndani, wakaiwasha. Maji yalipopungua wakaizima, wakangoja moshi wote utoke. Wakateremsha koroboi. Ikawaka vizuri kabisa. Elia akafunga ule mkanda huku akitania kwamba amefungwa kama mbuzi wa sikukuu, akashuka. Nilikuwa pale na birika la chai ya wafanyakazi, namsikia anaimba.

Akafika ubeti wa pili. Sauti ikaanza kulegea, kama ya mtu anayesinzia. Kisha kimya.

Tuliita. Tuliita tena. Nikachungulia nikamwona mume wangu ameegemea ukuta, kichwa kimeanguka kifuani, na koroboi bado inawaka pembeni yake! Shemeji yangu Daudi akavua shati ili amfuate. Wakati huo huo pikipiki ikasimama, na aliyeshuka ni yule yule tuliyemfungia njia. Bi Mwanahawa alikimbia na kofia yake ngumu kichwani, akasimama kwenye mdomo wa kisima, akatanua mikono.

"Hashuki mtu," alisema.

Nilimrukia. Ndiyo, mbele ya mchungaji, nilimpiga yule binti. Mume wangu anakufa, na yeye bado ananiletea habari za vibali! Hakurudisha mkono. Hakusogea hata hatua.

"Mama, huyu akishuka utazika wawili. Mvuteni kwa kamba ya mkanda."

Wakavuta. Akapanda kidogo, akanasa kwenye mbao za pampu. Wakavuta kwa nguvu zaidi, hakuna kitu. Nikaanza kulia kilio cha msiba, nawaambia kweli. Bi Mwanahawa akalala kifudifudi, akamulika kwa simu, akawaambia walegeze kamba, waipeleke upande wa pili, wavute polepole. Sijawahi kuona kitu kinachokwenda polepole kama kile. Elia alipotokea alikuwa hana pumzi. Yule binti akampigia kifua kwa mikono miwili, akampulizia hewa mdomoni, akampigia tena, jasho linamtiririka. Nikasema, "Yesu, nilikuomba vibaya!" Elia akakohoa.

Bwana apewe sifa! Tulimkimbiza hospitali wakamwekea hewa safi, na huko ndiko nilikoelezwa. Moshi wa injini hata ukiisha machoni, sumu yake inabaki shimoni, haionekani, na koroboi haiwezi kuijua. Inazimika hewa ikipungua, lakini ndani ya sumu ile inawaka tu. Taa ya babu haikusema uongo, ila haikuulizwa swali hilo. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hatukujua kwamba mkuu anaweza kuwa binti mdogo wa kuja na pikipiki.

Elia alipopona alikwenda kwenye mafunzo, na Daudi naye. Wamepata vibali. Kisima kilimalizwa kwa utaratibu, pampu ikikaa nje, hewa ikipimwa kwa kipimo chake.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa mengi aliyonipa, lakini zaidi namshukuru kwa hili alilonikatalia. Nilimwomba afunge njia, akaiacha wazi. Wewe unayeomba leo na huoni jibu, mtumaini. Anajua kukataa kwa upendo. Na anayekuzuia mlangoni usimlaani haraka, mtazame kwanza.

Bi Mwanahawa, mwanangu, asante kwa kuuitikia mwaliko wetu. Nilikuomba radhi nyumbani, leo nakuomba mbele ya watu. Na Elia yuko pale, safu ya nyuma ya kwaya. Wimbo ule aliuachia kwenye ubeti wa pili, na tangu siku ile hajauimba. Kwaya, anzeni hapo hapo. Sikai mpaka nimsikie.